Kumbe Charley Pride Alikuwa Mweusi?

Swali hili huulizwa na watu wazima, tena wanaozijua nyimbo zake kwa ghibu. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika ambako muziki wa kantri umeota mizizi hasa. Majina ya Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton hutajwa hata vijijini bila mtu kuuliza ni akina nani, na yupo mwimbaji wa nyumbani, Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, aliyejijengea jina kwa kuimba kantri. Katika msururu huo wa sauti za redioni ilipita pia sauti nzito na tulivu ya Charley Pride. Msikilizaji akajichorea kichwani mzungu wa Texas mwenye kofia pana. Siku anapokutana na picha yake kwenye simu, anapigwa na butwaa.

Ndiyo, alikuwa mweusi, mwana wa wakulima wa pamba. Na asione haya anayeuliza leo, kwa sababu mwaka 1966 Wamarekani wenyewe walikuwa gizani vilevile. Kampuni iliyouza santuri zake ilihakikisha hivyo.

Katika sura hii tutafuata mafanikio na heshima za mtu huyu, na ili tusipotee nitazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni heshima za hesabu: santuri zilizouzwa, nyimbo zilizofika namba moja, viti vilivyojaa ukumbini. Hizo hutolewa na watu wa kawaida kwa kutoa pesa mfukoni. Fungu la pili ni heshima za jukwaani: tuzo, vyeo, nishani, jina kuchongwa ukutani. Hizo hutolewa na wenye muziki wao, mbele ya kamera, na hapo huwa wanatangaza wanamhesabu nani kuwa mwenzao. Mafungu haya mawili hayatembei kwa mwendo mmoja, na kwa Pride umbali kati yake ndio habari yenyewe.

Kantri ni muziki wa nani?

Kantri ni muziki uliokulia vijijini kusini mwa Marekani. Vyombo vyake vya asili ni gitaa, fidla na banjo, na nyimbo zake husimulia mapenzi, ulevi, kanisa, kazi ngumu na nyumbani kulikoachwa. Tangu miaka ya 1920, kampuni za santuri zilipoanza kuurekodi, ziliuuza kama muziki wa wazungu wa shamba, huku muziki wa weusi wa shamba hilohilo ukiwekwa kwenye rafu nyingine. Mgawanyo huo ulikuwa wa dukani. Banjo yenyewe ilitokana na vyombo ambavyo Waafrika wa magharibi walikwenda navyo, vichwani mwao kama si mikononi, walipopelekwa utumwani.

Hata kipindi mashuhuri kuliko vyote, Grand Ole Opry, kilichoanza kurushwa redioni kutoka Nashville, Tennessee, mwaka 1925, kilikuwa na mweusi tangu utoto wake. Aliitwa DeFord Bailey, mpuliza kinanda cha mdomo. Inasimuliwa kwamba jina la Grand Ole Opry lilitamkwa na mtangazaji kwa mara ya kwanza mwaka 1927, usiku ambao Bailey alipiga kipande chake cha kuigiza mwendo wa treni. Mwaka 1941 aliachishwa, akaendelea kuishi Nashville akipiga viatu vya watu rangi. Mkumbuke, tutamhitaji tena.

Shamba la pamba na redio ya baba

Charley Frank Pride alizaliwa tarehe 18 Machi 1934 huko Sledge, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, mmoja wa watoto 11. Baba yake alilima kwa mkataba wa kugawana mavuno. Ardhi ilikuwa ya tajiri, jasho la mkulima, na msimu ulipokwisha mkulima alitoa fungu la mwenye shamba, akalipia mbegu na unga aliokopa dukani, na mara nyingi alibaki na deni la kuanzia mwaka mwingine. Watoto walichuma pamba bega kwa bega na wazazi.

Ndani ya nyumba mlikuwa na redio moja aina ya Philco, na mwenye amri juu yake alikuwa baba. Jumamosi usiku mzee alitega Opry. Kwa hiyo kijana hakuitafuta kantri mahali popote. Ilimkuta sebuleni, kama taarab inavyomkuta mtoto wa Pwani kabla hajajua kuna muziki mwingine. Alipofika miaka 14 akanunua gitaa la kwanza kutoka katalogi ya Sears, akajifunza mwenyewe kwa kusikiliza.

Ila gitaa halikuwa ndoto yake. Ndoto ilikuwa besiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo ambao Wamarekani wa enzi hizo waliupenda kuliko wote. Mwaka 1947 Jackie Robinson alikuwa mweusi wa kwanza wa karne hiyo kucheza ligi kuu, na watoto weusi wa mashamba ya pamba waliona mwanya wa kuondokea. Kabla ya hapo weusi walikuwa na ligi zao wenyewe, na ligi hizo ziliendelea kwa miaka kadhaa baadaye. Humo ndimo Pride alimocheza kama mrushaji wa mpira, katika timu kama Memphis Red Sox na Birmingham Black Barons. Alipenda kusimulia kwa kicheko jinsi timu yake moja ilivyomtoa yeye na mwenzake kwa timu nyingine ili ipate basi kuukuu.

Mkono ukaumia. Mwaka 1956 akaitwa jeshini, na mwishoni mwa mwaka huohuo akamwoa Rozene, mke aliyeishi naye karibu miaka 64, hadi kifo. Alipotoka jeshini akaishia Montana, jimbo la baridi kali kaskazini, akifanya kazi ya sulubu katika kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi huko East Helena. Kiwanda kilikuwa na timu ya besiboli. Meneja alipogundua kwamba mrushaji wake anaimba, akamlipa dola 10 za ziada aimbe kabla ya mechi, maana watu walianza kuja mapema kwa ajili ya nyimbo.

Hapo alilipwa kwa sauti kwa mara ya kwanza, na mashabiki walikuwa wazungu wa mji wa kiwanda waliomwona uso kwa uso. Naisisitiza nukta hii kwa sababu watu wa biashara ya muziki, walipokuja kumchukua, walidhani jambo hilo haliwezekani.

Santuri isiyo na picha

Mwaka 1962 waimbaji wawili wa kantri waliopita Montana, Red Foley na Red Sovine, walimsikia wakamshauri aende Nashville. Alipuuza kwanza. Mwaka 1963 alisafiri hadi Florida kuomba nafasi ya majaribio katika timu ya New York Mets, akafukuzwa bila kutazamwa vizuri. Akirudi ndipo akapitia Nashville, akakutana na Jack Johnson, ambaye baadaye alikuwa meneja wake.

Miaka miwili ikapita bila kampuni yoyote kumsaini. Kisha prodyuza Jack Clement (prodyuza ni msimamizi wa kurekodi, anayechagua nyimbo, wapigaji na mtindo) akamrekodi nyimbo za majaribio mwaka 1965. Kanda hiyo ikamfikia Chet Atkins, mpiga gitaa mashuhuri aliyekuwa kiongozi wa kampuni ya RCA mjini Nashville. Inasimuliwa kwamba Atkins aliwapigia wakubwa wake kanda ile kwanza, wakaipenda, na baada ya kuipenda ndipo akawaonyesha picha ya mwimbaji.

Wakamsaini. Santuri ya kwanza ikatoka Januari 1966, na vituo vya redio vilivyopelekewa havikupata picha wala maelezo ya rangi yake. Jina lililoandikwa lilikuwa "Country" Charley Pride, kama vile mtu anayetaka kuhakikisha hakuna swali. Wengine huita hilo ujanja wa biashara. Mimi naliona pia kama ungamo: RCA walijua kwamba masikio ya wateja wao yametangulia macho yao.

Wimbo wa kwanza haukuingia kwenye chati, na wa pili haukuvuma. Wa tatu, "Just Between You and Me", ulifika namba tisa. Sasa watu walitaka kumwona, na siri isingeweza kukaa tena.

Huko Detroit, mwaka 1966, aliitwa jukwaani mbele ya watu wapatao 10,000. Makofi yakaanza kwa nguvu, na alipojitokeza yakafifia hadi ukimya. Pride akalikabili jambo lenyewe. Aliwatania kwamba anajua ni kioja kidogo, mtu mwenye rangi ya jua isiyotoka kusimama pale akiimba kantri. Watu wakacheka, makofi yakarudi, akaimba. Alilitumia tanio hilo mara nyingi baadaye. Hatuna budi kukiri kwamba ilikuwa kazi ya ziada ambayo hakuna mwimbaji mzungu aliyetakiwa kuifanya kabla ya wimbo wa kwanza. Januari 1967 akasimama kwenye jukwaa la Opry, lilelile la redio ya baba yake, akitambulishwa na mkongwe Ernest Tubb.

*Kwa ufupi: wasikilizaji walimkubali Pride kabla hawajamwona, na wengi waliendelea kumkubali walipomwona. Woga mkubwa ulikuwa ofisini.*

Namba moja mara 29

Sasa tufungue fungu la hesabu. Gazeti la Billboard hupanga kila wiki orodha ya nyimbo zinazofanya vizuri zaidi. Orodha hiyo ndiyo huitwa chati. Kantri ina chati yake. Wakati wa Pride, wimbo ulipanda kwa kupigwa redioni na kununuliwa madukani. Kufika namba moja kulimaanisha kwamba kwa wiki hiyo hakuna wimbo wa kantri ulioteka mioyo ya watu kuliko huo.

Pride alifika namba moja kwa mara ya kwanza mwaka 1969, kwa "All I Have to Offer You (Is Me)". Mara ya mwisho ilikuwa 1983, kwa "Night Games". Kati ya miaka hiyo alifika hapo mara 29, na katika maisha yake yote nyimbo 52 ziliingia kumi bora. Kwa miaka ya 1970, kati ya waimbaji wote wa RCA, aliyemzidi kwa mauzo ni Elvis Presley peke yake. Hao wote si waimbaji wa kantri tu. Ni wa kila aina.

Wimbo uliomvusha mipaka ni "Kiss an Angel Good Mornin'" wa mwaka 1971, ulioandikwa na Ben Peters. Ulikaa kileleni mwa chati ya kantri wiki tano, ukaingia pia katika chati ya jumla, ile ya nyimbo zote bila kujali aina, na kufika namba 21. Ni wimbo wa furaha ya ndoa, jambo ambalo si la kawaida katika muziki unaopenda kulia. Pengine ndiyo siri yake.

Kuna jambo takwimu hizi haziwezi kulionyesha. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1994, Pride aliandika waziwazi kwamba aliishi na ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kati ya msisimko uliopitiliza na huzuni nzito. Mwanamuziki wa kantri, mwanamume, mzaliwa wa 1934, kusema hivyo hadharani mwaka 1994 ni ujasiri ambao sijaona ukipewa nafasi yake.

Usiku ambao Nashville ilisema kwa sauti

Chama cha Muziki wa Kantri, kinachojulikana kwa herufi CMA, kilianzishwa 1958 na kikaanza kutoa tuzo 1967. Wapiga kura ni wanachama: waimbaji, waandishi wa nyimbo, watu wa redio, wa kampuni, wa matamasha. Shabiki hana kura. Ndiyo maana tuzo yao ni heshima ya jukwaani kwa maana kamili. Ni watu wa kazi hiyo wakimtaja mwenzao.

Tuzo yao kubwa zaidi ni ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka. Haiangalii wimbo mmoja. Inaangalia mwaka mzima wa mtu, santuri, maonyesho, jinsi alivyoubeba muziki wenyewe. Mwaka 1971 walimpa Charley Pride. Usiku huohuo alipewa ya Mwimbaji Bora wa Kiume, na mwaka 1972 akaichukua tena hiyo ya pili.

Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Martin Luther King auawe huko Memphis, mji ambao Pride aliwahi kuuchezea besiboli. Loretta Lynn, malkia wa kantri wa wakati huo, alisimulia baadaye kwamba kabla ya kutangaza tuzo katika hafla mojawapo ya CMA alionywa asimguse Pride ikiwa atashinda. Akashinda. Loretta akamkumbatia na kumbusu mbele ya kamera. Tukio hilo naliweka juu ya nishani yenyewe, kwa sababu nishani ilikwisha kupigiwa kura kwa siri, na busu lile lilikuwa uamuzi wa mtu mmoja mbele ya nchi nzima.

Heshima nyingine zilifuata, baadhi haraka na nyingine baada ya miongo. Hizi ndizo kubwa:

- 1972: Grammy mbili, tuzo za tasnia nzima ya muziki Marekani. Jambo la kushangaza, zote zilikuwa za nyimbo za dini.
- 1973: Grammy ya tatu, sasa kwa uimbaji wa kantri, kwa albamu ya *Charley Pride Sings Heart Songs*.
- 1974: kuimba wimbo wa taifa kwenye Super Bowl, fainali ya "American football", mjini Houston.
- 1993: uanachama wa Grand Ole Opry.
- 1999: nyota yenye jina lake kwenye njia ya watu mashuhuri, Hollywood.
- 2000: kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri, Nashville, mweusi wa kwanza.
- 2017: Grammy ya mafanikio ya maisha yote.
- 2020: tuzo ya CMA ya mafanikio ya maisha yote, yenye jina la mwimbaji wa kantri Willie Nelson.

Tazama pengo katika orodha hiyo. Kutoka 1974 hadi 1993 hakuna kikubwa cha kutaja, na humo ndani ndimo alimoongeza namba moja nyingi. Mwaka 1986 aliachana na RCA, akilalamika kwamba kampuni imewageukia vijana na kuwaacha wakongwe. Ni kisa cha kawaida cha biashara hii, kimewapata wazungu wengi pia, na sitaki kukipaka rangi kisiyo nayo.

Kuhusu Opry kuna jambo la haki kulisema. Alialikwa awe mwanachama tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na yeye ndiye aliyekataa. Wanachama walitakiwa kuhudhuria Jumamosi nyingi za mwaka, na Jumamosi ndiyo siku ambayo mwimbaji mwenye soko hujaza kumbi mbali na Nashville. Alikuwa na watoto wa kulea. Alipokubali mwaka 1993, aliyemtangulia kati ya weusi alikuwa mmoja tu, yule DeFord Bailey aliyeachishwa mwaka 1941.

Heshima isiyo na nishani: Belfast, 1976

Tuzo nyingine hazina kikombe. Katika miaka ya 1970 Ireland ya Kaskazini ilikuwa vitani, Wakatoliki na Waprotestanti wakiuana kwa mabomu na risasi. Julai 1975 wanamuziki watatu wa bendi ya Miami Showband waliuawa barabarani wakitoka kwenye onyesho. Wasanii wa nje wakaacha kwenda. Nani angewalaumu?

Novemba 1976 Pride alikwenda Belfast na kuimba katika Ritz Cinema. Watu wa pande zote mbili walikaa ukumbi mmoja. Wimbo wake "Crystal Chandeliers", ambao Marekani haukuwahi kutolewa kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, ukawa kipenzi cha kisiwa kizima, ukiimbwa harusini na baa. Baada yake wasanii wengine walianza kurudi Belfast. Watu wa huko waliokuwa hai wakati huo hawamkumbuki Pride kama mweusi aliyeimba kantri. Wanamkumbuka kama mgeni aliyekuja wakati wageni walikuwa hawaji.

*Kwa ufupi: kikombe huonyesha namna mtu alivyopokewa na wenye muziki. Namna alivyopokewa na wasikilizaji lazima itafutwe kwingine, hata ng'ambo ya bahari.*

Wa kwanza, halafu nani?

Neno "wa kwanza" limejaa katika kila taarifa kuhusu Charley Pride. Linasikika kama sifa, na ni sifa kweli. Lakini wa kwanza huwa na maana pale tu anapofuatwa na wa pili, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mabaya.

Linda Martell alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Opry, mwaka 1969. Alitoa albamu moja ya kantri, milango ikafungwa. Ray Charles, gwiji aliyekwisha kurekodi albamu maarufu ya nyimbo za kantri mwaka 1962, alifika kileleni mwa chati ya kantri 1985, akiimba na Willie Nelson. Mweusi mwingine kufika namba moja peke yake baada ya Pride ni Darius Rucker, mwaka 2008. Hesabu mwenyewe: kutoka 1983 hadi 2008 ni miaka 25. Mtoto aliyezaliwa "Night Games" ikivuma alimaliza chuo, akaanza kazi, ndipo akamsikia mwingine.

Na tuzo ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka? Tangu 1971 hadi tuzo za 2024, hakuna mweusi mwingine aliyeipata.

Mimi nadhani heshima za Pride zilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Zilimpa haki yake mtu aliyestahili. Hilo halina ubishi, namba 29 hazihongeki. Wakati huohuo ziliipa Nashville kinga. Kila ilipoulizwa kuhusu rangi, ilikuwa na jina la kutaja, na jina moja lilitosha kwa robo karne. Pride mwenyewe hakupenda kujadiliwa hivyo. Karibu kila mwandishi alimuuliza habari ya rangi, na jibu lake la kila siku lilikuwa kwamba yeye ni Mmarekani anayeimba nyimbo anazozipenda. Kuna weusi wenzake walioliona jibu hilo kuwa dogo. Siwezi kumlaumu mtu aliyekua akichuma pamba Mississippi kwa kuchagua vita vyake, hasa ikiwa njia aliyochagua ilimfikisha mahali ambako hakuna aliyewahi kufika.

Tofauti kati ya hesabu na jukwaa bado ipo. Mwaka 2023 wimbo wa Tracy Chapman, "Fast Car", aliouandika miaka ya 1980, ulishinda tuzo ya CMA ya wimbo bora baada ya mzungu Luke Combs kuurudia. Chapman akawa mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo ya uandishi. Mwaka 2024 Beyoncé alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika namba moja kwenye chati ya kantri, na albamu yake *Cowboy Carter*, ambamo alimshirikisha Linda Martell, haikuteuliwa hata mara moja katika tuzo za CMA mwaka huo. Februari 2025 albamu hiyohiyo ikapewa Grammy ya albamu bora ya kantri.

DeFord Bailey aliingizwa Ukumbi wa Heshima mwaka 2005. Alikuwa amefariki 1982.

Uwanja wa kwanza

Tarehe 11 Novemba 2020, akiwa na miaka 86, Pride alipokea tuzo ya CMA ya maisha yote mjini Nashville na kuimba "Kiss an Angel Good Mornin'" pamoja na Jimmie Allen, kijana mweusi wa kantri. Tarehe 12 Desemba alifariki Dallas kwa UVIKO-19. CMA ilieleza kwamba vipimo vyake vya wakati wa hafla havikuonyesha maambukizi.

Lakini maisha yake yalikuwa na heshima za aina nyingine kabisa, na waliomfahamu wanasema hizo zilimgusa sana. Hakuiacha besiboli. Kwa miaka mingi alikwenda kila msimu kufanya mazoezi na Texas Rangers, timu ya ligi kuu ya jimbo alimoishi, na jioni aliwaimbia wachezaji. Mwaka 2010 alikuwa mmoja wa wamiliki wenye hisa katika timu hiyo.

Mwaka 2008 ligi kuu ilifanya jambo la kipekee. Kila timu ilichagua, kwa heshima tu, mchezaji mmoja aliye hai kati ya wale waliocheza katika ligi za weusi, kana kwamba inamsajili kijana mpya. Texas Rangers ilimchagua Charley Pride. Alikuwa na miaka 74, na zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu afukuzwe kwenye kambi ya Mets.

Tarehe 16 Desemba 2020, siku nne baada ya kifo chake, uongozi wa ligi kuu ulitangaza kwamba ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 zitahesabiwa kuwa ligi kuu halali, na takwimu za wachezaji wake ziingizwe vitabuni. Pride alianza kucheza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Takwimu zake hazimo.